Fundi Asiyeamini Jina la Chipu

Kila aliyeingia katika kibanda cha fundi, nyuma ya stendi ya Korogwe, alipokewa kwa swali kabla hajaketi: "Hebu niambie, bendera hii unaionaje?"

Mezani kulikuwa na kioo kidogo kama kiganja, kimening'inizwa nyaya kama mgonjwa aliyetundikiwa dripu, na juu yake inawaka bendera ya taifa. Mteja amekuja na redio iliyokufa, au simu iliyotumbukia kwenye ndoo ya maji, lakini ni lazima kwanza aeleze rangi. Kijani juu kushoto. Bluu chini kulia. Mkanda mweusi unaopanda kutoka chini kushoto, na mistari ya njano kingoni mwake.

"Vizuri," fundi anasema. "Sasa leta shida yako."

Mimi nilidhani ni mbwembwe za mzee anayependa watu wamsikilize. Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam na shahada ya uhandisi wa kompyuta, sina kazi, na nina tabia ya kudai ushahidi wa kila kitu, tabia ambayo mama yangu huihesabu kati ya maradhi. Nilikwenda kwa fundi nikakae wiki mbili. Nimekaa miaka mitatu. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, sijui vizuri. Kila nilipomuuliza alinijibu, "Hiyo ni lebo tu, Mwanachuo. Wewe tazama kazi."

Basi nianze na kazi. Vijiji vingi vya Handeni hunywa maji ya visima virefu, yanayovutwa na pampu za umeme wa jua. Kila pampu ina sanduku la chuma lenye kioo. Kioo kikiwa bluu, maji yapo kisimani, endelea kuvuta. Kikiwa chekundu, maji yameshuka, zima. Yapo na maandishi, ya Kiingereza, madogo kama sisimizi, na hakuna anayehangaika nayo. Katika masanduku ya zamani swichi ya kujizima yenyewe ilishakufa, kwa hiyo kinachoilinda pampu ni ile rangi na mtu anayeitazama. Pampu ikizunguka bila maji huungua. Ikiungua, kijiji kinarudi kwenye lambo, kinagombania maji na ng'ombe, na pampu nyingine haiji kesho wala keshokutwa.

Jua na vumbi huviua vioo vile. Aliyekuwa akivibadilisha, kisima baada ya kisima, ni fundi. Redio na simu zilikuwa za kupitishia siku. Jina lake lilikaa juu ya jambo moja: kioo alichokifunga yeye hakidanganyi.

Si jambo jepesi kama linavyosikika. Nyuma ya kila kioo kuna chipu inayokiendesha, na ndani ya chipu kuna nafasi ndogo ndogo za kuwekea namba. Chuoni tuliziita rejista. Yeye aliziita vyumba. Weka namba fulani katika chumba fulani, picha inalala ubavu. Ibadilishe kidogo, nyekundu na bluu zinapokezana nafasi. Taabu ni kwamba vioo viwili vinaweza kulingana kwa upana, kwa waya, hata kwa kibandiko cha mgongoni, kumbe chipu zao ni matoleo tofauti. Chumba ambacho kwa huyu kinashika rangi, kwa yule kinashika mwanga. Au chumba ni kilekile, lakini maana ya namba imegeuzwa. Kiwanda hakimwambii mtu.

Ilinichukua wiki nzima kutambua kwamba bendera ile haikuwa uzalendo. Rangi zikipokezana, pembe ya bluu inageuka dhahabu. Picha ikigeuzwa kama kwenye kioo cha kujitazamia, mkanda unainamia upande mwingine. Mwanga ukipinduliwa, mweusi unakuwa mweupe. Picha ikisogea, kona inakatika. Picha moja, makosa manne, na kila Mtanzania anajua inavyopaswa kuonekana. Nilijaribu kubuni picha ya majaribio iliyo bora kuliko hiyo. Nilishindwa, na sikumwambia.

Kumbukumbu zake za chipu alizihifadhi katika madaftari ya shule, yale yenye jedwali la kuzidisha nyuma. Kila toleo lilikuwa na ukurasa wake, na hakuliita kwa namba ndefu ya kiwandani, aliliita kwa undugu. Palikuwa na Kaka Mkubwa, ambaye ndiye tuliyemzoea. Palikuwa na Mdogo Mtu, anayefanana na Kaka Mkubwa katika yote ila chumba cha rangi. Palikuwa na Binamu, aliyetaka asubiriwe kidogo baada ya kuamshwa, la sivyo ananuna na kubaki mweupe siku nzima. Na palikuwa na Shemeji.

"Kwa nini Shemeji?" nilimuuliza.

"Anakaa na familia, anakula na familia, anavaa nguo za familia. Lakini si wa damu hii."

Shemeji ni chipu ya kuiga. Na hapo ndipo tulipogombana mara ya kwanza, kwa sababu mimi nilikuwa na dawa ya Shemeji. Kila chipu ina chumba kimoja maalumu kinachotunza jina lake. Unaiuliza, inajibu kwa namba: mimi ni fulani. Nikamwambia fundi, kwa upole wa mtu anayejua kwamba ameshinda, kwamba madaftari hayahitajiki tena. Programu itaiuliza chipu jina, basi.

"Wewe ukiwa askari getini," akasema, "mtu akikutajia jina unamfungulia?"

"Namwomba kitambulisho."

"Na kitambulisho kakitengeneza yeye?"

Akachukua vioo vitatu kutoka boksi moja, akaniachia niviulize mwenyewe. Vyote vitatu vilijibu kwa namba ileile, kwa sauti moja, kama watoto waliokubaliana uongo njiani. Kisha akawasha bendera. Viwili vilionyesha pembe ya bluu. Cha tatu kilionyesha dhahabu. Chumba kingine cha pembeni, ambacho waigaji walisahau kukijaza, ndicho kilichomtoboa Shemeji: kwa wengine kilikuwa na namba, kwake kilikuwa sifuri. Fundi alikuwa amekigundua kwa kuvisoma vyumba vyote kimoja kimoja na kulinganisha kwa penseli, msimu mzima wa mvua, wakati barabara hazipitiki na hana wateja.

Hakuwa mpole kwa wauzaji pia. Vioo vyetu vilitoka Dar kwa basi na kushushwa Segera, pale barabara zinapogawana, nasi tukaenda kuvipokea katikati ya wauza machungwa na mayai ya kuchemsha. Kijana wa mizigo akataka fundi aondoke na boksi bila kulifungua.

"Mzee, vyote ni vilevile. Kiwanda kimoja."

"Mapacha wangu nao ni wa kiwanda kimoja," fundi akasema, huku anachana boksi kwa funguo. "Mmoja ni sheikh wa madrasa. Mwingine tulimfungia sukari kabatini mpaka alipooa."

Mama wa machungwa alicheka hadi akasahau chenji ya mtu.

Msidhani kwamba mtu huyu asiyeamini chipu hakuamini chochote. Alikuwa na chupa ya dawa ya rangi ya kahawia, aliyoinunua kwa mchuuzi mmoja mwenye kipaza sauti pale stendi, na aliinywa vijiko viwili kila asubuhi kwa ajili ya presha, mgongo, na "mambo mengine". Nilimuuliza ndani yake mna nini.

"Mizizi."

"Mizizi ya nini?"

"Ya mti, Mwanachuo. Umewahi kuona mizizi ya ng'ombe?"

Nilimwambia kwamba akinywa dawa kwa kufuata lebo wakati chipu anaikatalia lebo, basi hana msimamo. Akafikiri. Akasema chipu inatumiwa na kijiji kizima, lakini tumbo ni la kwake peke yake. Sijui kama hilo ni jibu. Kwa muda lilinitosha.

Aliniheshimu kwa namna yake, ambayo haikuwa ya sifa. Nilipoandika programu yangu ya kwanza ya kuendesha vioo, aliniambia nimsomee mstari kwa mstari, kwa Kiswahili, huku yeye amefumba macho na kikombe cha chai kifuani. Kazi yangu ilikuwa nadhifu: shina moja la amri zinazofanana, kisha jedwali la tofauti za kila ndugu. Kaka Mkubwa, chumba hiki namba hii. Mdogo Mtu, chumba kile namba ile. Alitikisa kichwa kwa kuridhika mpaka nilipofika mstari wa mwisho: vinginevyo, mchukulie kama Kaka Mkubwa.

Akafumbua macho. "Vinginevyo nani?"

"Yeyote tusiyemjua. Lazima programu ifanye kitu."

"Nani kasema lazima? Usiyemjua usimpe kazi. Kioo kibaki giza."

"Kioo cha giza hakina faida kwa mtu, mzee."

"Kina faida kubwa. Giza si uongo. Mama wa pampu akikuta giza, anazima, anapiga simu, anatutukana, tunakwenda. Akikuta bluu ya uongo, anakaa kitako anasuka ukili." Akanywa chai. "Hapo kwenye 'vinginevyo' yako ndipo watu watakapokufa kiu."

Niliuondoa mstari ule mbele yake. Wiki chache baadaye niliurudisha, kwa majaribio, kwa sababu nilichoka kutazama vioo vyeusi kila nilipojaribu boksi jipya. Nilikusudia kuufuta tena kabla ya kufunga kioo chochote kisimani. Huo ndio ukweli wote wa upande wangu, na sina namna ya kuupamba.

Upande wake ulikuwa hivi. Siku moja nilikwenda Segera kupokea mzigo. Kijiji kimoja cha Handeni kilikuwa kinangoja kioo, ni kiangazi, na kijana wa bodaboda aliyetumwa kukichukua alikuwa amesimama mlangoni na injini inanguruma. Fundi akawasha kioo kwa programu yangu, bendera ikatokea. Hakuwepo mteja wa kuulizwa. Akamwita jirani yake fundi cherehani, mtu mpole ambaye tangu tujuane hajawahi kumpinga aliyemzidi umri.

"Jirani, bendera hii unaionaje?"

Fundi cherehani alinihadithia mwenyewe baadaye, kichwa chini. Aliona pembe moja ina rangi ya maembe. Alishangaa. Lakini alifikiri, huyu ni mzee, hii ni kazi yake, mimi mshona mashati nitamfundisha nini? Akajibu vile tunavyojibu wazee wetu tukitaka wabaki na furaha.

"Safi kabisa, mzee. Ya taifa."

Kioo kikaondoka na bodaboda.

Siku ya tatu simu ililia. Mwendesha pampu wa kijiji kile ni mama mmoja mwenye sauti ya kukusanya mbuzi waliotawanyika, na sikuhitaji spika ili kumsikia.

"Fundi! Kioo chenu tangu kifungwe leo asubuhi kinasema bluu, bomba linasema hapana. Linakohoa hewa tu. Nimeliamini bomba. Nimezima. Sasa njooni hapa, wote wawili, leo!"

Tulipanda basi la Handeni, kisha bodaboda mbili. Njia nzima nilikuwa nauandika ule mstari wa "vinginevyo" kichwani na kuufuta, kana kwamba bado inasaidia.

Kisimani tulikuta kamati ya maji imekaa kwenye madumu matupu. Nilifungua sanduku, nikaichomeka kompyuta yangu, nikaviona vyumba. Ndugu mpya. Si Shemeji, si Binamu, hatukuwahi kukutana naye, na programu yangu ilikuwa imempokea kama Kaka Mkubwa. Nyekundu ilikuwa imeandikwa bluu. Ningesema kitu, lakini mama aliniwahi. Alikuwa anamtazama fundi, si kioo.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba, mama."

"Hiki kioo sasa hivi ni rangi gani?"

Fundi alisogea. Akainamisha kichwa kulia, akainamisha kushoto. Mtu mmoja wa kamati akaanza kucheka, akidhani ni mzaha, kisha akanyamaza. Na mimi, niliyehoji kila kitu tangu darasa la kwanza, ndipo nikaelewa kitu ambacho kwa miaka mitatu sikuwahi kukihoji. Kwa nini fundi hodari awaulize wateja bendera inaonekanaje? Kwa nini nimsomee programu badala ya yeye kuisoma? Sikumbuki lini mara ya mwisho alisoma daftari lake mwenyewe mbele yangu.

"Sioni vizuri, mama," akasema. "Mwaka wa nne huu. Ukungu. Rangi ya bluu ndiyo iliyotangulia kuondoka."

"Na ulikaa kimya?"

"Ningesema, mngenipa kazi?"

Mwenyekiti wa kamati, mzee wa rika lake, alianza kusema kwamba labda sasa imefika wakati wa kutafuta fundi mwingine, kwa heshima zote. Nilimkatiza, jambo ambalo kwetu halifanywi. Nikasema kosa la kwanza ni langu. Nikaeleza mstari ule, nikaeleza kwamba mzee alinikataza na nikaurudisha kwa uvivu, na kwamba kama programu ingekuwa kama alivyotaka yeye, kioo kingebaki giza na sisi tungetukanwa tu.

"Mbona hata hivyo mmetukanwa," mama akasema.

Watu wakacheka, na kicheko kile kilituokoa kuliko maelezo yangu. Pampu ilikuwa nzima. Mama aliisikia mapema. Mbele yetu sote nikaufuta mstari, nikamwandikia ndugu mpya ukurasa wake, na mama akakaa nami mpaka alipoona nyekundu kwa macho yake mwenyewe. Kisha kamati ikatoa masharti. Fundi aende hospitali, akatolewe mtoto wa jicho. Mpaka hapo, hakuna kioo kitakachofungwa kisima chochote bila watu wawili kukiona, mmoja wao awe mwendesha pampu, na asiwe mtu wa kumwonea mzee haya.

"Huyo mama yupo," mwenyekiti akasema, na hakuna aliyeuliza ni nani.

Fundi hakutaka kwenda hospitali. Alitoa sababu kila wiki: mvua, mahindi, mkutano, harusi ya mpwa. Nilimpinga kila moja kwa hoja na hakuna hoja iliyomtikisa. Aliyemtikisa ni kamati ya pili, ya kijiji kingine, iliyopiga simu kuomba nije "peke yangu, bila kumsumbua mzee". Aliisikia simu ile. Asubuhi yake hakufungua kibanda, alipanda basi kwenda hospitali.

Mara ya mwisho niliyomtembelea ilikuwa nyumbani kwake Mkumbara, siku kumi baada ya upasuaji wa jicho la kulia. Nilimkuta barazani, amekaa kwenye kiti cha kamba na kuitazama milima ya Usambara. Alikuwa anafunika jicho hili kwa kiganja, kisha lile, kisha hili tena. Mkewe, ambaye ni mtu wa kijiji cha Mpale, alinipokea kwa chai na malalamiko.

"Tangu juzi yuko hivyo. Anatazama kuku, anafunika jicho. Anatazama sahani, anafunika jicho. Jana ananiuliza gauni hili nimenunua lini. Nimeolewa nalo!"

"Liking'aa vile nitalijuaje?" fundi akasema. "Keti, Mwanachuo. Milima ile unaionaje?"

Nilitazama. Mawingu yalikuwa yameshuka hadi nusu ya mteremko.

"Kijivu," nikasema.

"Kwa jicho jipya ni bluu. Kwa la zamani ni kahawia."

"Leo ni kijivu, mzee. Labda jicho jipya linazidisha."

"Mke wangu kasema ni bluu."

"Nilitaka ufurahi," mkewe akasema kutoka mlangoni.

Alicheka, akaniomba nimpe habari za visima. Nilimpa. Vioo vinne vimefungwa tangu aondoke, vyote vimeonwa na watu wawili. Kimoja kilibaki giza, na tulitukanwa kama inavyotakiwa. Aliuliza ni kamati ngapi zimesema hazimtaki tena. Nikamwambia ukweli: moja. Akalipokea hilo akizungusha kikombe, na sikuongeza neno la kulainisha, kwa sababu angelijua.

"Jumatatu narudi," akasema mwishoni. "Nitakuwa mtu wa tatu. Wa kwanza na wa pili endeleeni nyinyi."

"Na jicho la kushoto wanalitengeneza lini?"

"La kushoto silitengenezi."

Niliweka kikombe chini. Nikamwambia daktari amesema liko tayari, na kwamba kuacha jicho bovu kwa makusudi ni upuuzi usio na mfano.

"Wameniwekea lenzi ya kiwandani," akasema. "Toleo jipya. Mimi silijui. Nikibadilisha hata la pili, yote mawili yatanipa jibu moja, na mimi nitalinganisha na nini? Nipe hoja."

Nilimpa ya kwanza, akaikataa. Nilimpa ya pili. Chai ilipoa, mawingu yakapanda, na mkewe akatandika mkeka akijua kwamba nitakula pale. Ya tatu bado naitafuta.